Mpini Ulioota Kisamvu

Kwa heshima na taadhima, umma wa Gongoni unatangaziwa kwamba kando ya njia ya zamani ya misafara, mpini wa jembe umeota majani.

Tangazo hilo Zablon alilitunga kichwani, na angelisoma kwa sauti kubwa kama si jambo moja dogo: mpini ulikuwa wake, na yeye ndiye aliyeuchomeka.

Alikuwa likizo kutoka bweni, akajiunga na kikundi cha kujitolea kinachomwagilia miche ya mininga kando ya njia hiyo. Alipangwa pamoja na Abdulatifu, fundi cherehani wa Kizigua, mcheshi asiyejua kununa. Abdulatifu aliisalimia miche: mrefu aliupa shikamoo, mfupi hujambo, na uliokunja majani aliuuliza nani kauudhi. Zablon alipojikwaa akamwaga ndoo, mwenzake alirudi naye kisimani bila kuguna.

"Mnyamwezi kushindwa na ndoo," alisema. "Babu zako walibeba pembe hadi Bagamoyo."

"Na babu zako waliwauzia maji njiani."

"Kwa bei nzuri, mtani."

Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakasiriki. Kwa kutegemea sheria hiyo, Zablon aling'oa mche mmoja upande wa Abdulatifu, akauhamishia nyumbani kwao, na mahali pake akasimamisha mpini wa jembe lake la shule. Alikusudia kicheko cha siku moja. Lakini jioni ile ile mbuzi wa nyumbani waliula mche, na asubuhi Abdulatifu aliumwagilia mpini kwa adabu zote, akapita zake. Hakucheka wala hakuuliza.

Zablon hakuthubutu tena kusogea upande ule. Je, Abdulatifu alijua? Kama hakujua, mtu wa macho hayo alitungaje uzi kwenye sindano? Kama alijua, mbona kimya?

Na sasa majani. Siku ya ukaguzi Zablon alijikaza akasogea, akayatazama majani yale yenye vidole vya kijani. Kisamvu. Mpini wa mninga kuota kisamvu lilikuwa jambo ambalo kidato cha tatu hawajalifikia.

Mama Gaudensia, kiongozi wao, alikuwa amekwisha kusema: atakayekutwa amepoteza mche atahamishiwa kitalu cha Isikizya. Bila Abdulatifu, njia ile ingebaki vumbi na ndoo tu.

"Shikamoo, mama," walisema wote wawili.

"Marahaba. Abdulatifu, huu ni mninga gani?"

"Mninga wa mboga, mama."

"Mimi sicheki."

"Basi ni muhogo. Upande huu ni wangu, na kosa ni langu."

"Utaratibu unaujua. Jumatatu Isikizya."

"Sawa, mama."

Abdulatifu aliegemea jembe lake, ametulia kama mtu anayesubiri chai. Hapo Zablon aliutambua mpini wa jembe lile: ulikuwa wake. Kumbe uling'olewa zamani, na pingili ya muhogo ikapandwa badala yake. Bwenini kila mwanafunzi huchoma jina kwenye mpini kwa msumari wa moto, jembe lisiibwe. Zablon alichoma lake kwa herufi kubwa, kwa majivuno. Kiganja cha Abdulatifu kilikuwa kimelifunika lote.

Angeweza kukaa kimya. Rafiki yake angekwenda Isikizya na kiganja chake, na siri ingekwenda naye.

Abdulatifu akainua mkono ule ule, akafuta jasho usoni. Mpaka leo Zablon hajui kama jasho lilikuwepo.

"Zablon Lugembe, Tatu B," Mama Gaudensia alisoma taratibu. Akageuka. "Mwanangu, una neno?"

Zablon alimtazama mtani wake. Mtani wake alikuwa akiuuliza muhogo nani kauudhi.

"Ni mimi, mama," alisema. "Mche niling'oa mimi. Umeliwa na mbuzi. Na mbuzi ni wa kwetu. Isikizya nipelekeni mimi, huyu mwacheni na miche yake."

"Mtaniachia nani wa kumwaga maji?" akauliza Abdulatifu.