Maji ya Kuoshea Miguu

Kila jioni, kabla ya kutoka shambani, aliosha miguu. Alikuwa na beseni la plastiki la buluu, lenye ufa uliozibwa kwa kipande cha ndala kilichoyeyushwa, na alilijaza maji kutoka kwenye dumu, akakaa juu ya jiwe pale mwisho wa tuta, akasugua kisigino, kifundo, na katikati ya vidole. Maji yakishakuwa meusi, aliyamwaga kwenye shina la mahindi lililo karibu. Ndipo alipovaa ndala akaenda nyumbani. Udongo wa shamba ubaki shambani, alisema, na hakuona kama kuna la kuongeza hapo. Majirani walimwita Mama Beseni, naye aliitika.

Shamba lenyewe halikuwa shamba walipopewa. Alipoolewa, mume wake alirithi kipande ambacho hata magugu yaliota kwa kusitasita. Wakakilisha. Walikilisha samadi ya mbuzi, majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, majani makavu waliyookota njiani huku watu wakiwacheka kwamba wanafagia barabara bure. Wakapanda kunde katikati ya mistari ya mahindi. Udongo ukaanza kuwa mweusi kutoka juu kwenda chini, taratibu, mpaka ukafika mahali ambapo ukichomeka mkono unaingia hadi kwenye kiwiko na kutoka na nyungunyungu. Mtoto hawakupata. Walipata udongo ule.

Mume akafa msimu wa kupalilia, akazikwa kwenye kona ya shamba, pale alipozoea kuegemeza jembe lake. Alikuwa na kaka mkubwa, mtu aliyeitwa Mzee Kikao, kwa sababu hata kuku hakuweza kumchinja bila kuita watu wakae. Mzee Kikao akaita kikao. Kikao kikaamua kwamba shamba ni la ukoo, na kwamba mjane asiye na mtoto ni mgeni aliyekaa sana.

Alikuja kumwambia Mama Beseni akimkuta bado yumo shambani, tope limemfika kwenye vifundo.

"Sawa, shemeji," alisema Mama Beseni. "Ngoja kwanza nioshe miguu."

"Utaosha huko uendako," alisema Mzee Kikao, na kwa haraka yake akalipiga beseni teke, maji yakamwagikia njiani. Basi Mama Beseni akalichukua beseni, akalibandika kichwani, akaondoka na miguu yake vilevile ilivyokuwa. Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Watu wa kikao walikuwa wameangalia kila kitu, vijiko, mablanketi, hadi ufunguo wa ghala, asije akaondoka na mali ya ukoo. Miguu hakuna aliyeiangalia.

Mjini alipata chumba cha kupanga chenye sakafu ya saruji, bati juu, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Jioni ya kwanza aliosha miguu mlangoni. Maji yakawa meusi. Akaosha tena, yakawa meusi tena. Akachoka, akalala. Asubuhi miguu ya kitanda ilikuwa imezama kwenye udongo, ule ule, mweusi, wa kumung'unyika, unaonuka mvua.

Akaufagia akauweka pembeni, kesho yake ukawa mwingi zaidi. Ulikuja pamoja na vilivyokuwa ndani yake: nyungunyungu, mizizi, kifungo cha shati, jembe walilolitafuta msimu mzima mpaka wakamshuku jirani. Kunde zikaota chini ya meza. Mahindi yakaota kwenye ufa karibu na mlango, na ilibidi mtu aingie ubavuubavu.

"Mama," alisema mama mwenye nyumba akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, "mimi nimepangisha chumba. Bustani sijapangisha."

"Nisamehe, mama. Udongo unanifuata."

Mama mwenye nyumba aliinama, akachota kidogo, akaupondaponda kwenye vidole. Kisha akaenda kwake akarudi na kopo tupu la rangi.

Kule shambani, mvua zilinyesha vizuri kabisa, na Mzee Kikao akapanda mbegu ghali. Mahindi yakatoka, yakafika kwenye goti, yakasimama. Majani yakawa ya njano, halafu yakawa ya zambarau kingoni, halafu yakabaki hivyo hivyo, yanamtazama. Akamwaga mbolea ya dukani, mvua ikaisukuma yote mtoni kwa sababu ardhi ilikuwa ngumu na haikuwa na pa kuishikia. Akamwita bwana shamba. Bwana shamba akachomeka chuma chake cha kupimia, kikaingia kiasi cha kiganja, kikagonga kitu kama sakafu.

"Hapa hamna udongo," alisema.

"Na huu ni nini sasa?"

"Hapa ni mahali pa kuweka udongo. Wenyewe umehama." Akakifuta chuma chake kwa kitambaa. "Nani alikuwa analima hapa? Aliondokaje?"

Wakamweleza. Bwana shamba akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa gari limezima kwa kukosa mafuta. Akasema wamtafute huyo mama, wampe maji. Kisha akapanda pikipiki yake, maana kulikuwa na mtu mwingine ambaye nyanya zake zilikuwa na kidudu.

Jua lilikuwa linazama siku marehemu alipofika mjini. Mama Beseni alirudi kutoka kufua nguo za watu akamkuta amekaa kwenye kigoda, amevaa suti ya kahawia aliyozikwa nayo, udongo mabegani.

"Umefika," alisema Mama Beseni.

"Nimefika. Njia ni ndefu."

"Na kule umemwachia nani?"

"Udongo wote umekuja huku. Ningebaki na nini, mawe?"

Alimkaribisha kitandani, akakataa, akasema shuka zitachafuka. Alikuwa mtu wa hivyo hata zamani. Wakakaa. Mama Beseni alifurahi, hata kulala kulimshinda kwa furaha, na asubuhi alikwenda kufua akiimba, mpaka wenye nguo wakamuuliza kama amepata mchumba. Akasema amepata wa zamani.

Lakini kopo la rangi lilikuwa limeota mchicha. Mchicha wenyewe ulikuwa na majani mapana kuliko kiganja, na wapangaji wote walipita kuutazama kwenye kibaraza cha mama mwenye nyumba. Wakaja na makopo yao, ndoo zao, hata sufuria zilizotoboka. Mama Beseni hakuwa na uso wa kuwanyima watu wanaochota naye maji bomba moja. Jioni ile, marehemu alipopokea kikombe, alikishika vibaya.

"Kidole gumba chako kiko wapi?"

"Nadhani kiko kwenye kopo la mama mwenye nyumba," alisema. "Usijali. Kimoja tu."

Kesho yake likakosekana sikio, ambalo lilikuwa kwa fundi viatu, kwenye mche wa nyanya. Mama Beseni alikwenda kumwomba arudishe, akakuta fundi amehama alfajiri, yeye na kopo lake, na hakuna anayejua kaelekea wapi. Kuanzia siku hiyo alifunga mlango kwa kufuli. Wapangaji wakawa wanachotea dirishani. Mchana bati likiwaka, udongo ulikauka ukapasuka, na uso wa marehemu ukapasuka nao, kuanzia kwenye paji. Mama Beseni alimnyunyizia maji kwa mkono. Roho ilimuuma, lakini hakulia, asije akamlowesha sehemu moja zaidi ya nyingine.

Mzee Kikao alifika na gari la kukodi. Alisimama kwenye udongo hadi kifundoni na hakuonyesha kuona chochote.

"Shemeji, habari za siku nyingi. Mahindi yamegoma. Twende ukaoshe miguu."

"Nitakwenda kulima," alisema Mama Beseni. "Shamba ni langu. Nirudishieni, na hiyo miguu nitaosha kila jioni kama zamani."

"Hilo sasa ni la kikao."

"Basi kiiteni. Nitakuja na shahidi."

Kikao kilikaa barazani kwa Mzee Kikao. Watu wa ukoo walimsalimia marehemu, wakampa pole ya safari, wakampa kiti chenye mto na chai ya maziwa. Alipoinywa, suti ililowa tumboni, wakajifanya hawaoni. Shangazi yao aliuliza kama huko aliko amemwona mume wake. Marehemu alisema hawaonani sana, kila mtu yuko kwenye shamba lake.

Kisha akaweka kikombe chini.

"Shamba ni la mke wangu," alisema. "Tulilitengeneza pamoja, na yeye alilitengeneza zaidi. Nilitaka kuwaambia nikiwa hai. Nikadhani muda upo."

Mama Beseni alimtazama kila mmoja usoni, na akaona wazi kwamba wamesikia. Moyo ukampanda. Alishaanza kupanga kichwani tuta lipi ataanza nalo.

Mzee Kikao akakohoa.

"Tunamshukuru sana marehemu kwa mchango wake," alisema, na alisema kwa heshima ya kweli. "Ila kikao ni cha walio hai. Tukimsikiliza mmoja leo, kesho watakuja wote, na wote wana mashamba. Sisi tutakaa wapi?"

Watu wakaguna kukubali. Hata shangazi. Hakuna aliyesema kwamba marehemu amedanganya. Walisema tu kwamba amechelewa.

"Sawa," alisema Mama Beseni. Akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Basi mahindi yenu na yagome. Mume wangu, twende."

Marehemu akainuka kumfuata, na mguu wake wa kushoto ukabaki pale mbele ya kiti, kirundo kidogo cha vumbi kavu chenye kiatu juu yake. Akajishika kwenye nguzo.

"Twende tu," alisema. "Nitafika nilivyo."

Mama Beseni alikitazama kile kirundo. Shangazi alikuwa ameshaondoa kikombe kilichokuwa karibu, kisije kikapigwa teke. Kule mjini lilikuwepo bati, na dirisha, na watu na ndoo zao, watu wazuri tu, wanaopenda mboga. Akahesabu ndani yake kitabaki nini baada ya kiangazi, na hakupata hata cha kujaza beseni. Alitaka shamba lake kuliko kitu chochote duniani, na alitaka mtu wake asiishie kwenye makopo ya watu. Akakaa tena, uso kwenye viganja, akalia kwa sauti, na kikao kikamsubiri amalize.

"Leteni maji," alisema.

Mzee Kikao aliyaleta mwenyewe, tena ya uvuguvugu, hadi shambani, pale kwenye jiwe mwisho wa tuta. Wakambeba marehemu wakamsimamisha kwenye kona yake, na kile kirundo wakakileta kwenye ungo. Mama Beseni aliweka beseni lake la buluu chini akaanza kusugua. Maji yalikuwa meusi, akayamwaga. Yakawa meusi, akayamwaga. Kila alipomwaga, marehemu alishuka kidogo, hadi magotini, hadi kwenye mkanda. Mahindi ya zambarau yalianza kutoa sauti ya kukwaruzana, ingawa upepo haukuwepo.

"Na hapo katikati ya vidole, shemeji," alisema Mzee Kikao, akiwa ameinama kuangalia. "Pole. Na hapo kwenye ukucha."

"Kile kidole gumba kiache huko huko," alisema marehemu, aliyekuwa amebaki kuanzia kifuani. "Usigombane na watu. Uwe unakimwagia maji tu."

"Nitakimwagia."

Alimwaga beseni la mwisho, na lilikuwa safi kabisa. Mzee Kikao alilitazama kwenye mwanga, akatingisha kichwa, akamshukuru, akamwambia gari linasubiri.

Mavuno yale yanazungumzwa mpaka leo. Mzee Kikao alinunua beseni la buluu, na kila jioni huketi kwenye lile jiwe akaosha miguu yake bila haraka, na watu wake wote huosha, na hakuna anayevuka mpaka na hata punje ya tope. Udongo umekuwa mweusi hadi kwenye kiwiko. Kwenye kona ya shamba kuna pahali padogo, pa kidole na sikio, ambapo hapaoti kitu, na wapaliliaji wamezoea kupakwepa.

Sakafu ya chumba cha Mama Beseni ni saruji tupu. Mama mwenye nyumba amefurahi, anasema sasa chumba kinaonekana chumba. Jioni, akitoka kufua, Mama Beseni huketi mlangoni na kuosha miguu, na maji hutoka yalivyoingia, unaona hadi ule ufa uliozibwa kwa ndala. Hayamwagi mferejini. Huyabeba hadi kibarazani, kwenye kopo la rangi, akayamimina polepole, na mchicha huinama upande wake.

"Usimwagie mengi hivyo," mama mwenye nyumba alimwambia jana. "Mchicha utaoza."

"Anapenda maji," alisema Mama Beseni.

Mama mwenye nyumba akalisogeza kopo kivulini kidogo, kisha akachuma majani ya kutosha mboga ya jioni, akaingia ndani.