Duara la Mwalimu Anatole

Mwalimu Anatole wa Fizi alikuwa na duara lake. Aliligundua mwenyewe ubaoni, akifundisha: chora pembetatu yoyote, tia alama katikati ya kila upande, kisha pale kila kimo kutoka pembe kinapoangukia upande wa mkabala. Alama sita, na zote zinakaa juu ya duara moja. Kulithibitisha kulimchukua miaka minne. Akaandika kurasa thelathini, akazituma chuo kikuu mara tano. Hakujibiwa. Alipopewa kazi ya kuongoza shule mjini Baraka alikataa, maana makaratasi ya bureau yangemlia muda wa hesabu zake.

Mwezi uliopita Godelieve, mwanafunzi wake wa zamani aliyempenda kuliko wote, siku hizi mhadhiri msaidizi chuoni hukohuko, alikuja matangani kwao, akapita kumsalimu. Anatole alimwekea kurasa mbele hata kabla ya chai.

"Utabapelekea weye mwenyewe, binti yangu. Weye batakusikia."

Godelieve hakuzigusa. "Mwalimu, hii duara iko mu kitabu. Mujerumani mumoja aliitoa, iko miaka mia mbili sasa. Naye alikuwa mwalimu wa sekondari."

"Alipata nini?"

"Jina tu. Aliugua, akaacha kufundisha, akakufa kijana."

Anatole alipanga kurasa zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

"Weye ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu mwaka wa kwanza kule chuo."

Miaka sita. Kila Noeli Godelieve alikula mezani hapo, akasikiliza habari za barua zisizojibiwa.

"Niliogopa kukuvunja moyo, Mwalimu."

"Hapana. Uliona haya juu yangu."

Godelieve alichukua mkoba wake.

"Arlette," Anatole alimwita mkewe, "sindikiza mugeni."

Arlette aliporudi alisimama mlangoni. "Kumbe Baraka tuliikataa juu ya Mujerumani," alisema, akaenda jikoni.

Jumatatu iliyofuata Anatole aliwachorea wanafunzi duara lile, akawaambia ni la Mjerumani. Mkuu wa shule, aliyekuwa akipita, akaingia: hilo haliko mu programu, na mitihani ya Serikali iko karibu. Anatole akafuta ubao.

Merveille, msichana wa dawati la mbele, alikuwa ameshalinakili daftarini.

"Mwalimu, niliache mu kayé?"

"Pitisha mustari juu yake."

Alisimama kando ya dawati mpaka akaona mstari umepita.