Kuangua Si Kuiba

Askari alifungua seli ya mahakama akagawa uji. Ulikuwa mwembamba na hauna sukari. Sukari ilikuwa imepanda bei tena, na serikali ilikuwa imeanza kubana matumizi kwa watu ambao hawangeweza kuulalamikia uji.

Mwanatumu alikunywa hivyo hivyo. Bado alikuwa na kanga za jana, zimejaa makapi ya makumbi ya nazi. Pembeni yake alikaa Kaluki, Mkamba wa Ukunda aliyekamatwa na pombe, ambaye askari wote walimjua kwa jina.

"Mama, wewe umeshikwa na nini?"

"Na nazi zangu."

"Zako? Sasa wizi uko wapi?"

Hilo ndilo Mwanatumu alilokuwa akijiuliza tangu jana. Jua likiwa limeshapanda, alikwenda shambani Kinondo na Baya, mkwezi wake, kama alivyokwenda kila msimu. Alipiga hodi langoni, mlinzi akamfungulia. Minazi ile ilipandwa na bibi yake. Ardhi yenyewe mjomba wake alimwuzia bwana mmoja wa Nairobi aliyetaka kujenga nyumba za watalii. Lakini kwa Wadigo wenzake shamba ni shamba na mnazi ni mnazi: aliyepanda ndiye mwenye mti, hata ardhi ikiuzwa mara saba. Mjomba aliyasema hayo mbele ya wazee siku ya kuuza, na yule bwana akaitikia huku akila nao pilau. Tangu vurugu za pwani za mwaka jana watalii walikuwa wameadimika, nyumba hazikujengwa, na bwana akakumbuka kwamba nazi nazo ni pesa. Baya alikuwa angali juu ya mnazi gari la polisi lilipoingia. Yote hayo alimsimulia Kaluki.

Inspekta wa mashtaka alikuja kwenye nondo, akamwita Baya naye kutoka seli ya wanaume. Alikuwa mpole, na upole wake ulimtisha Mwanatumu kuliko kelele za askari.

"Mtasomewa shtaka la wizi. Semeni ni kweli, mpigwe faini kidogo, mchana muwe kwenu. Mkikataa, kesi itavutwa mwaka mzima. Baya, wewe ni kibarua tu. Sema mama huyu ndiye aliyekutuma kuiba."

Baya aliinamisha kichwa. Mkewe alikuwa amejifungua juzi. Mwanatumu alimwonea huruma, na papo hapo akamwogopa.

Inspekta alipoondoka, Kaluki alisogea. "Sikiza, mama. Mimi kila wakati nakubali, sababu pombe ni yangu na nimeipika kweli. Lakini wewe ukikubali, umesema hizo nazi ni za huyo mtu. Hata miti umempatia. Ukirudi huko tena, wewe ni mwizi anajulikana."

"Lakini nilizichukua. Nikatae vipi?"

"Kuchukua si kuiba! Wizi ni uchukue kitu ukijua ni ya wenyewe. Wewe ulijua ni yako. Uliingia mchana, ukapiga hodi. Mwizi gani anapiga hodi? Sema si kweli, halafu siku ya kesi uite huyo mlinzi aulizwe. Na mjomba wako."

"Mjomba amekwisha kufa, Mungu amrehemu."

"Basi ita hao wazee walikula pilau."

Mwanatumu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Kicheko hakikudumu. Shehe, mdogo wake, alifika nje ya nondo akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatatu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Tumechanga pesa ya faini. Kubali, dada, yaishe. Ukoo mzima tumeaibika."

"Mumechanga ili mimi niitwe mwizi?"

"Ni neno tu."

"Basi likubali wewe, kama ni neno tu!" Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Bibi alibeba maji kichwani kuinywesha ile minazi. Leo nisimame mbele za watu niseme nilimwibia mgeni?"

Askari alikuja kuwachukua Mwanatumu na Baya.

Kizimbani Mwanatumu alisimama karibu na Baya hadi bega likagusa bega. Alisikia harufu ya jasho lake. Karani alisoma shtaka haraka kama mtu anayekimbilia chakula: kwa pamoja waliiba nazi, mali ya fulani.

"Mshtakiwa wa kwanza, ni kweli au si kweli?"

"Mheshimiwa, kuangua niliangua. Kuiba sikuiba. Minazi ni—"

"Kweli au si kweli?" aliuliza hakimu, bila kuinua macho.

Mwanatumu alishika ukingo wa kizimba. "Si kweli."

"Mshtakiwa wa pili?"

Inspekta alimtazama Baya na kumwashiria kwa kichwa akubali. Baya aligeuka kwa hakimu.

"Mimi nilikwea mnazi wa Mama Mwanatumu."

"Nimeuliza, ni kweli au si kweli?"

"Si kweli."

Mwanatumu alitaka kumshika mkono, akaona haya.

Hakimu aliipanga kesi miezi minne mbele. Dhamana ilikuwepo: kila mmoja alete mtu mwenye hati ya shamba. Watu walioshtakiwa kwa kukosa hati walitakiwa walete hati ndipo waende kwao. Katika ukoo wa Mwanatumu hapakuwa na mtu mwenye hati. Upimaji wa ardhi ulipokuja, waliojua kuandika ndio walioandika majina yao. Hakimu aliita kesi nyingine.

Nje, Mwanatumu na Baya wakipakiwa kwenye gari la rumande, Shehe alilia waziwazi.

"Nilikwambia, dada! Sasa hizi pesa za faini nizifanyeje?"

"Mpelekee mke wa Baya, ana mtoto mchanga. Kisha utafute mkwezi. Minazi ya upande wa kisimani haijaanguliwa. Nenda kesho, jua likiwa limetoka, na upige hodi. Tukiacha kuangua, tumekubali miti si yetu."

"Watanikamata, dada."

"Watakukamata," Mwanatumu alikubali, huku akisukumwa ndani. "Na wewe useme si kweli."