Vifuniko Vyekundu vya Syokau

Syokau hakuwa na mdomo wa biashara, na mtaa mzima wa Mashimoni ulilijua hilo. Aliuza mandazi kando ya kioski cha maji, na mteja akiuliza bei alionyesha vidole viwili. Shule aliiachia darasa la tano, na maneno ni kama aliyaacha huko huko.

Lakini kazi aliyopewa na Wakarima haikutaka mdomo. Wakarima alikuwa mama wa Kawangware mwenye chumba nyuma ya bucha, ambamo wanaume walicheza karata za pesa kila Jumamosi mchana. Mawakala wake wa kuleta watu walitambuliwa kwa vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi ya kucha. Wakala mwenzake, Musembi, alipewa vyeupe, Syokau vyekundu. Mteja akinunua mandazi, Syokau alitia kifuniko ndani ya karatasi na kunong'ona, "Jumamosi, kwa Wakarima." Mchezaji alikitoa mlangoni, na hasara yake ya siku hiyo ikahesabiwa kwa rangi ile. Shilingi kumi zikimtoka, moja ilikuwa ya Syokau. Akishinda, Syokau hakupata kitu.

Kama mchezo ule ulikuwa halali, hakuna aliyejua. Ukutani ilibandikwa karatasi yenye muhuri. Wiki moja askari waliitazama, wakanywa supu, wakaenda zao. Wiki nyingine wakaja askari wengine, wasiitazame kabisa, wakabeba meza. Syokau aliwahi kuisoma polepole, neno kwa neno. Ilikuwa ruhusa ya kucheza draft, ule mchezo wa kete ubaoni, si karata za pesa. Hakumwambia mtu. Nani angemuuliza?

Aliyemuuliza mambo alikuwa mmoja tu, Wanzala, fundi viatu aliyekaa hatua tatu kutoka kwenye karai la mandazi la Syokau.

"Niaje, Syo? Leo utaongea ama tungoje Krismasi?"

Syokau aliinamia mafuta akitabasamu.

"Usiongee sana, bana. Ukiongea, mvua itanyesha mpaka Kitui kwenye ukame!"

Kila asubuhi Wanzala alichukua andazi moja bila kulipa, na kila ndala ya Syokau ilipokatika aliishona bila kudai. Hawakupatana hivyo kwa maneno. Ilianza yenyewe, ikazoeleka, na Syokau aliilinda kuliko mandazi yake. Akirudi chumbani kwake mtaa wa Kianda hakuwa na wa kumwambia hata kwamba unga umepanda bei.

Siku moja Wanzala aliokota kifuniko chekundu kilichoanguka.

"Hii ndiyo ile ya karata? Ni halali kweli?"

"Kuna karatasi ukutani," Syokau akajibu.

"Basi nipe moja. Nikishinda vizuri narudi Busia nafungua duka la viatu. Nimechoka kukaa kwa vumbi."

Syokau alimpa. Hakujua namna ya kumnyima mtu kitu. Jumamosi ile, alipokuwa akiosha karai, alijikuta akimwombea Wanzala ashindwe. Si kwa ajili ya ile moja katika kumi. Akishinda ataondoka. Akishindwa, Jumatatu atakuwepo.

Jumatatu alikuwepo. Jumamosi nne alicheza, na Jumatatu nne alikuwepo, kila mara na utani uliopungua kidogo. Syokau alipovuka barabara ya Ngong kwenda Kawangware kuchukua fungu lake, Wakarima alimkandamizia noti kiganjani.

"Huyo fundi wako ni ng'ombe wa maziwa, mami. Shika kamba vizuri."

Njia nzima ya kurudi Syokau aliibeba ile noti kama kaa la moto.

Kesho yake Wanzala alikuja bila kile chuma chake cha kugongea viatu. Alikuwa amekiuza. Akageuza jiwe, akaanza kugongea juu yake, na kila pigo kiatu kikateleza.

"Hii Jumamosi narudisha zote," alisema. "Nipe kifuniko."

Mkono wa Syokau uliingia mfukoni, ukakaa humo.

"Fundi, ukipoteza kumi, moja ni yangu."

Wanzala akacheka. "Leo umeamka na stori!"

"Ni kweli. Ndiyo kazi yangu. Na ile karatasi ni ya draft."

Kicheko kikamwisha. Aliweka nyundo chini.

"Na nikishinda?"

"Sipati kitu."

"Kwa hivyo wakati wote huu ulikuwa unaniombea nini, Syo?"

Angeweza kudanganya. Uongo mmoja mdogo ungetosha.

"Ushindwe," alisema.

Jibu lilikuwa na nusu yake ya pili, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya kweli zaidi: usiende Busia. Ilibaki mahali ambapo maneno yake yote yalibaki tangu utotoni. Alichoweza ni kutoa noti ya Wakarima na kumnyooshea.

Wanzala hakuigusa. Alikusanya nyuzi, sindano na gundi, akavitia ndani ya sanduku lake. Kisha akatafuta mfukoni, akaweka shilingi mbili ukingoni mwa meza, bei ya andazi la asubuhi hiyo. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kulipia hata moja. Syokau alizitazama zile sarafu mpaka Wanzala alipokata kona na kupotea.

Vifuniko alivitupa mtaroni. Wiki iliyofuata alisikia kwa mchota maji kwamba fundi mmoja wa Busia amefungua mahali mtaa wa Kambi Muru, na kwamba Jumamosi hakwenda kwenye karata, alikaa pale pale kutwa akishona. Syokau alitikisa kichwa kama mtu asiyehusika.

Siku iliyofuata mama mmoja alisimama mbele ya karai, kiatu mkononi, soli ikining'inia.

"Huyu fundi wa hapa ameenda wapi?"

Syokau alivuta pumzi.

"Kambi Muru," alisema, kwa sauti mpaka wachota maji wakageuka. "Ukivuka mtaro. Ana mkono mzuri. Usimwambie nani amekutuma."

Mama akaenda. Syokau akageuza mandazi. Ndala yake ya kushoto ilikuwa imekatika tangu juzi, akaifunga kwa kamba ya gunia.