Ziara ya Baba Mkwe

Mwaka 1956 nilikuwa mtu wa majivuno, na majivuno yenyewe yalitokana na ramani. Wakubwa wa mji wa Mbeya walikuwa wamefungua chumba cha wageni pale malori yanaposhusha abiria, wakaniweka mimi, Ambrosi Kalinga, Mhehe wa Iringa, niwaelekeze watu njia. Ukutani nilichora mji mzima kwa rangi tatu: boma, soko, posta, hospitali, mpaka uwanja wa ndege. Mgeni hakutoka kwangu kabla sijamsomesha ramani ile, hata kama alichotaka ni choo tu.

Asubuhi moja lori la Tukuyu lilimshusha mwanamke kijana mwenye kikapu cha ndizi. Alisema anaitwa Tusajigwe. Mumewe, Asukile, alikuwa amelazwa hospitali, na kesho yake angepasuliwa tumbo. Alitaka kumwona kabla ya kisu.

"Wanaotazama wagonjwa huingia saa nane, hutoka saa kumi," nikamwambia. "Nani anamuuguza?"

"Baba yake."

"Anaitwa nani, nikutafutie?"

Akainamisha uso. "Siwezi kumtaja, kaka. Na akiwa ndani, mimi siingii. Ndiyo maana nimekuja kuuliza hapa."

Nikajua papo hapo kwamba wamegombana. Siku hizo nilikuwa najua kila kitu. Kwetu, mkamwana akikosana na baba mkwe, hutafutwa mtu wa kuwakutanisha, binti akapiga magoti, yakaisha. Nikaona mtu huyo ni mimi. Nikamwacha na mke wangu Paskalina anywe chai, nikatimua mbio hospitali bila kumwambia mtu.

Nilimkuta mzee kwenye majani nje ya geti, amevaa koti jeusi la kanisani, anangoja saa nane. Nikamuuliza kama ndiye baba wa Asukile; akakubali, akasema jina lake Andendekisye. Nikamwambia ana mgeni kwangu. Akanifuata bila kuuliza.

Tulipoingia tu, Tusajigwe aliangusha kikombe, akajifunika kanga kichwa kizima, akatokea mlango wa nyuma huku akijigonga kwenye meza. Mzee naye aligeuka upesi akaelekea ukutani, pua yake karibu iguse ramani yangu. Mimi nikabaki katikati, chai inatiririka miguuni.

"Mwanangu," mzee akasema bila kugeuka, "nani alikutuma?"

"Hakuna, mzee. Nilitaka mpatane."

"Sisi hatuna ugomvi. Mke wa mwanangu iko mke mzuri sana. Ndiyo maana yeye hanioni, na mimi simwoni. Jina langu hataji. Akisikia napita njiani, anaingia kwenye migomba mpaka nipite. Hiyo iko heshima ya sisi Wanyakyusa, hata Wakristo tunayo. Wewe umemwaibisha."

Niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia nakohoa. Huko nje Tusajigwe alikuwa analia kwa kwikwi, na Paskalina hakuniacha nipumue.

"Ambrosi!" akapaza sauti. "Dada wa watu anasema anarudi Tukuyu na lori la mchana! Anasema mzee ndiye aingie, yeye basi! Umefurahi sasa?"

Mzee alisikia. Aliendelea kuitazama ramani, ambayo nadhani hakuielewa. Kisha akaweka kidole pembeni kabisa, karibu na fremu ya mlango.

"Hii iko nini?"

"Uwanja wa ndege, mzee."

"Mbali?"

"Mbali kidogo. Kwenda na kurudi ni saa mbili nzima."

"Basi saa nane unipeleke. Nataka kutembea mji."

"Lakini mzee, saa nane ndiyo saa ya kumwona mwanao! Na kesho..."

"Mimi nimemwona miaka ishirini na sita," akasema. "Huyo anayelia hapo nje, miwili tu."

Saa nane Paskalina akamchukua Tusajigwe na kikapu chake kwenda hospitali, nami nikatoka na mzee upande wa pili. Nikamwonyesha boma. Akasema, "Ndaga," yaani asante. Nikamwonyesha soko, posta na maduka ya Wahindi, naye kila mara, "Ndaga," macho yakiwa chini. Nimetembeza wageni wengi Mbeya, lakini sijapata mwingine asiyeutazama mji kabisa. Uwanjani ilikuwepo ndege imeegeshwa, kitu ambacho watu walikuwa wakisafiri kuja kukiona. Mzee aliipa mgongo.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa, mzee. Tunaweza kurudi."

"Bado wana saa nzima," akasema, akaketi kwenye majani akielekea upande wa hospitali. Nikaketi naye.

Tuliporudi, jua limeshainama, Tusajigwe aliniita kwenye dirisha la nyuma, akaninong'oneza. Nikaingia ndani kumfikishia mzee.

"Anasema Asukile aliuliza baba yuko wapi. Akamwambia umekwenda kutazama ndege. Asukile akacheka."

"Alicheka?"

"Anasema alicheka sana."

Mzee akavua kofia, akaifuta, akaivaa tena.

Asukile alipasuliwa kesho yake, asubuhi. Hakuamka.

Siku iliyofuata wakangojea kwangu lori la kuupeleka mwili Tukuyu. Mzee alikaa ndani kwenye benchi, Tusajigwe nyuma ya ukuta wa mbao pamoja na Paskalina. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikijifanya nafagia.

"Mwanangu," mzee akaniita. "Ulisema alicheka. Alichekaje?"

"Sikuwepo, mzee."

"Najua. Kaulize."

Nikazunguka nyuma. Paskalina alinikazia macho nikadhani atanipiga, lakini nilikuwa nimetumwa, nikauliza.

"Dada, mzee anauliza Asukile alichekaje."

Tusajigwe alinitazama. Akafuta pua kwa ncha ya kanga, akasogea mpaka karibu na mbao, akavuta pumzi. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko cha mwanamume, kizito, kilichoanzia puani kikakatika mara tatu, na mwisho wake kikohozi kidogo. Alikitoa kwa sauti kubwa mpaka abiria wa nje wakageuka kushangaa mjane gani huyu.

Nikamsikia mzee kule ndani.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo, Asukile wangu."

Akaanza kulia kwa sauti, na Tusajigwe akaegemeza paji la uso kwenye mbao, akalia naye.