Pikapu Ishuke, Mzigo Usipungue

Usimwambie Mzee Tofali kwamba pikapu yake imechoka. Utakula maneno mpaka ushibe. Miaka kumi na minane imebeba matofali na nondo, na nyuma imekokota tela yenye mashine ya kuchanganyia zege. Ndiyo iliyowaweka mjini yeye na mkewe. Miaka yote hiyo mke alikaa kiti cha pembeni, akipokea simu za wateja na kumkosoa mume anavyokata kona. Lakini tangu apasuliwe nyonga, alipanda mara moja tu, kisha akagoma. Miezi mitano kiti kitupu! Mzee alifika mahali pa kuongea na usukani kama mwehu.

Akajipigia hesabu zake: gari liko juu mno. Mchana mmoja mke akiwa amesinzia kwenye kochi, alimpima kwa kamba kutoka unyayo mpaka juu ya goti, akapiga fundo na kwenda gereji.

"Kiti kishuke mpaka hapa," alisema. "Ila ibebe matofali mia nne kama kawaida, na ivute tela."

Fundi alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, aliyerithi gereji ya baba yake. Aliitazama ile kamba, akamtazama mzee.

"Jirani yangu hapo angetoa bapa mbili za springi, gari likashuka, akamaliza kabla ya chai."

"Na matofali?"

"Utayabeba kichwani, mzee wangu."

Mzee hakucheka. Alimweleza habari ya mkewe. Fundi akaichukua ile kamba na kuingia uvunguni bila utani mwingine, jambo ambalo gereji nzima ililishangaa.

Kazi ilichukua siku tatu. Fundi hakutoa hata bapa moja. Ekseli ya nyuma, iliyokuwa chini ya springi, aliihamishia juu yake. Gari likashuka, nguvu ya springi ikabaki ile ile. Ili ekseli isigonge chesisi, fremu ya gari, kwenye mashimo, alikata nafasi kwenye chesisi, akaizungushia chuma kinene. Mbele akafunga springi fupi lakini nene. Kishikio cha tela nacho akakipandisha, tela isije ikatembea imeinamisha pua. Kisha wakapakia matofali mia nne, wakafunga tela, wakapita kwenye kila tuta la mtaa ule. Hakuna kilichogusa kitu. Mzee alitamani kumkumbatia fundi, akaona haya, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Alifika nyumbani na mzigo ule ule, akapiga honi. Mke akatoka na fimbo yake. Mzee akafungua mlango wa pembeni, akasogea kando.

Mke aligeuka, akakaa, akavuta mguu mmoja, kisha wa pili. Mwenyewe! Mzee alikuwa tayari anatabasamu. Halafu mke akashuka tena na kufunga mlango.

"Imekuwa nzuri," alisema. "Lakini nani alikwambia tatizo ni kimo?"

"Si ulikataa kupanda?"

"Siku ile niliyopanda, pale saiti ya ujenzi uliponinyanyua kunishusha kama mfuko wa saruji, vibarua walicheka. Hao sikuwajali. Nilikutazama wewe, baba watoto. Na wewe ulikuwa unacheka."

Mzee alifungua kinywa ajitetee. Angesema ulikuwa utani, angesema hakumbuki. La! Alikumbuka vizuri sana. Alikumbuka hata jinsi kile kicheko kilivyompunguzia aibu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nilicheka," alisema. "Niliona aibu, nikajiunga nao. Nisamehe, mke wangu."

"Na miezi mitano hukuniuliza."

"Sikuuliza. Niliogopa utaniambia."

Mke aligeuka kuyatazama matofali. Mzee hakuthubutu hata kuegemea gari. Alisimama na funguo mkononi, akiona wazi kwamba fundi amefanya kazi yake yote, na yeye ndiyo kwanza anaianza yake.

"Huu mzigo unakwenda wapi?" mke akauliza.

"Pale pale saiti."

Mke akafungua mlango, akakaa, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Basi twende. Nataka wanione nikishuka. Na wewe usinishike."