Talaka ya Kwenye Televisheni

Mume wangu Muhdhar alikuwa mwigizaji, na nyumbani kwetu Malindi hatukujua kesho ataingia nani. Jukwaani alishakuwa padri, mwizi wa kuku, hata bibi kizee aliyeliza ukumbi mzima. Mwaka wa themanini na sita akachukuliwa kwenye televisheni. Tulifurahi wee, mpaka jioni aliyocheza tajiri katili, akamfokea mkewe wa mchezoni: "Nimekuacha! Talaka tatu!"

Mama yangu, Bi Tima, alikuwa ameketi mbele ya televisheni pamoja na majirani. Akainuka, akanishika mkono.

"Vaa buibui twende zetu Mambrui. Ushaachwa wewe."

"Mama, ule ni mchezo!"

"Talaka haina mzaha. Na watu wote wamesikia."

Nikakaa Mambrui nimenuna. Muhdhar akaja na halua yake na shikamoo zake, mama akamzuia mlangoni kama muuza mitumba. Nilicheka, lakini ndani nilikuwa na hofu. Talaka tatu si ugomvi wa kuombana radhi. Ikithibiti, sina ruhusa ya kurudi kwake. Nami nilimpenda bwana yule, na ujanja wake wote.

Mwisho tukaenda sote watatu kwa kadhi. Akasikiliza, kisha akamwambia Muhdhar, "Hebu yaseme hayo maneno kama ulivyoyasema."

Muhdhar, mtu asiyekataa kuigiza hata msibani, akainamisha kichwa. "Nisamehe, Sheikh. Mbele ya mke wangu sitayasema."

Kadhi akamuuliza, "Aliyeyatunga nani?"

"Mwandishi wa mchezo."

"Na aliyeachwa?"

"Mke wa yule tajiri."

"Basi umesimulia talaka ya watu wengine. Ya kwako hukuitoa. Ndoa yenu iko pale pale. Chukua mkeo, nendeni nyumbani."

Alhamdulillahi! Nilishusha pumzi. Muhdhar naye akaangua kilio palepale, mabega yakimtikisika.

Mama akamkata jicho. "Na hiki je, Mwanamina? Hiki nacho si mchezo?"

Nilimpa mume wangu ncha ya leso yangu.

"La, mama. Akicheza, hulia bila kamasi."